Sikupooza, Nilijikalia Mguu

Mwakingali, Voi

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Naiweka shikamoo hapa juu kabisa kabla wifi Zuhura hajaanza kukusomea kwa ile kasi yake ya kuruka mistari. Hujambo mama? Kifua kimekuachia? Na ule usingizi wako wa alasiri unaupata, au wajukuu bado wameugeuza ua wako uwanja wa mpira? Sisi hapa hatujambo. Salim yuko salama na duka lake la vitambaa, watoto wazima, mama mkwe mzima, na sauti yake nzima zaidi. Joto ni lile lile na vumbi jekundu ni lile lile. Naanika shuka nyeupe asubuhi, jioni naanua shuka za rangi ya chai.

Najua unachotaka kusikia kwanza, basi nakwambia sasa. Sikupooza. Leo asubuhi nimekwenda sokoni kwa miguu yangu miwili na nimerudi na kikapu kizito. Wifi Zuhura, rudia hapo, kwa sauti, mpaka jirani asikie. Maana nimeambiwa ni wewe uliyeeneza huko kwetu Siyu nzima kwamba Rukia wa Voi amepigwa na kiharusi, mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Mdomo wangu, wifi yangu, uko pale pale ulipouacha, na arusini kwa Omari utausikia. Simlaumu sana, mama. Habari iliondoka hapa ikiwa ya mguu mmoja, ikafika huko imeshakula mwili mzima.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Nakuuliza habari ya kifua, wewe wanijibu habari ya kuku, kisha kaka Shee anakunyang'anya simu aanze kunipa amri. Amri yake ya mwisho ilikuwa nifunge mizigo nirudi nyumbani niuguzwe. Mwambie asitume mtu kuja kunichukua. Acha nieleze tangu mwanzo.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, nilifunga zile siku sita za sunna, na baada ya sita nikaunganisha na siku nilizokuwa nadaiwa tangu nilipomzaa Nasra. Nilisema nikishazoea njaa ni afadhali nimalize. Nikapungua, mama. Buibui likanipwaya, na wanawake wenzangu hapa mtaani wakawa wananiuliza natumia dawa gani. Nami nikawa natabasamu tu kama mwenye siri. Usinicheke, hata wewe ungefurahi.

Na wakati huo huo ndio nilikuwa nashona kofia ya Omari. Sisi katika nyumba yetu bwana arusi havai kofia ila iliyoshonwa na shangazi yake, na Omari hana shangazi mwingine ila mimi. Nisingekubali mtoto wa kaka yangu aende kuoa na kofia ya dukani, viua, vile vitundu vya mapambo, vimetobolewa na mashine. Basi kila siku nikishaswali adhuhuri, watoto wako chuoni wanasoma Kurani na mama mkwe amelala, natandika mkeka wangu sebuleni juu ya simiti, nakaa kitako. Mguu wa kulia naukunja chini, wa kushoto naupitisha juu yake, kofia nailaza gotini, nashona viua mpaka alasiri iingie. Mguu ukifa ganzi naupiga makofi, nasubiri upoe, nakaa tena vile vile. Ganzi kwetu tangu lini ikawa ugonjwa? Mtu akiinuka kazini bila ganzi tunamuuliza kama alikuwa anafanya kazi kweli.

Siku moja nilikwenda kununua mboga kwa Mama Mumbua. Huyu ni mama wa Kikamba anayeuza kando ya barabara, ana ulimi kama wako. Nikalipa, nikaondoka. Nikasikia anaita nyuma yangu.

"Mama Nasra! Kiatu yako imebaki huku!"

Kutazama chini, mguu wa kulia uko peku kwenye mchanga wa moto, ndara yangu imebaki kule kwenye nyanya zake, na mimi sikuwa na habari. Nikacheka, nikarudi, nikaivaa. Hatua chache, imebaki tena. Mara hii Mama Mumbua hakuita. Aliinuka kwenye gunia lake akaniambia, "Hebu tembea nikuone." Nikatembea. Akashika kiuno. "Wee, hiyo mguu inapiga chini kama ya bata. Enda nyumbani, na usiende peke yako." Akamwachia jirani mboga zake, akanishika mkono mpaka mlangoni kwangu.

Nilipoketi kitandani nikautazama. Mama, uliona wapi mguu wako mwenyewe unauambia inuka, nao unakutazama tu? Kisigino kilikuwa kinasikia. Goti linakunja. Lakini kifundo hakipandi, na vidole vimelala, na juu ya wayo ukinigusa ni kama unamgusa mtu mwingine.

Mama mkwe alipoona aliweka mikono kichwani, akasema ni kiharusi kimeanzia chini, na tusipokizuia kitapanda. Akachemsha mafuta, akanikanda, kisha akachukua leso akaifunga chini ya goti, akaivuta kwa meno, ili ugonjwa usivuke. Alifanya kwa mapenzi, wallahi, alikuwa akilia huku anafunga. Nami nikakaa nimefungwa kama mzigo wa kwenda bara, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa mizima, nikatandika mkeka nikaendelea na kofia. Mguu ukazidi kufa. Kila ukizidi, mama mkwe anakaza leso. Kila akikaza, mguu unazidi.

Salim ndiye aliyesema basi. Akanipeleka hospitali. Daktari alinitazama uso, akaniambia nicheke, ninyanyue mikono, nimkamate vidole kwa nguvu. Akapima presha, akapima sukari, maana alisema sukari ikikaa mwilini muda mrefu huzila neva za miguu polepole, na mtu hajui mpaka amekanyaga msumari bila kusikia. Zote zilikuwa sawa. Akasema hiki si kiharusi, akanipeleka kwa binti mmoja wa chumba cha mazoezi ya viungo, jina lake Wakesho, Mtaita wa Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Mdogo wa umbo, lakini akikwambia kaa, utakaa.

Kitu cha kwanza alifungua leso. Akauliza, "Nani amefunga hii?" Salim akakohoa akasema ni mama yake. Wakesho akaikunja vizuri akampa mkononi. "Mrudishie, mwambie asante, na isirudi hapa tena." Kisha akanigeukia. "Mama, nionyeshe vile unakaa ukifanya kazi."

"Hapa? Chini?"

"Hapo hapo."

Salim akatandika koti lake sakafuni, nikakaa kitako kama kawaida yangu, nikajifanya nina kofia mkononi. Wakesho akachutama kando yangu, akapeleka kidole upande wa nje wa goti la kulia, chini kidogo, pale penye kifundo cha mfupa, akabonyeza. Mama, nilipiga yowe. Ilikuwa kama stima imenipita mpaka kwenye vidole, vidole ambavyo nilishadhani vimekufa.

Akasema, "Basi, hapo ndipo shida yako iko. Neva inazunguka huo mfupa, na juu yake hakuna kitu, ni ngozi tu na mafuta kidogo. Na mafuta yenyewe umemaliza kwa kufunga. Sasa ukikaa hivi, simiti inaifinya kutoka chini na mfupa inaifinya kutoka juu. Kichwa inatuma amri kwa mguu, amri inafika hapa kwa goti, inakwama."

Salim, unamjua, lazima aseme neno. "Kumbe bulbu ni nzima, waya ndio una shida."

"Ndio. Na nyinyi mkachukua leso mkafunga waya."

Nikamuuliza lile swali. Utarudi? Akaniambia neva iliyofinywa kwa muda mfupi, ikiachiliwa mapema, mara nyingi hurudi, ila huenda taratibu sana na haikubali kuharakishwa. Iliyofinywa miaka, akasema, hiyo hawezi kumwahidi mtu. Mimi nilikuwa katikati, si mapema sana wala si kuchelewa kabisa. Hapo nililia, mama. Nilikuwa nimevumilia tangu kwa Mama Mumbua. Nilichoogopa hasa si kutembea vibaya hapa Voi, hapa kila mtu ana shughuli zake. Niliogopa kuingia uani kwako siku ya arusi naburuta mguu, watu wote wamekaa, na wewe unanitazama.

Alinipa kifaa cha plastiki, kinafanana na nusu ya nyuma ya buti, kinaingia ndani ya kiatu na kuushikilia wayo usidondoke. Ndara akazipiga marufuku, na mkeka pia. Akasema nikae kwenye kiti, nyayo zote mbili chini, na nisipande mguu juu ya mguu hata mgeni akinikalisha. Halafu kila siku nikae nauambia mguu uinuke, hata kama hauinuki. "Utume amri tu," akasema, "siku moja itafika." Na nile vizuri. Kuhusu saumu, alisema siku zilizobaki zingoje mpaka mwili urudi, Mungu si mkali kama nilivyokuwa mimi.

Akanitania kidogo pia. "Nyanya yangu kule Rukanga anasuka vikapu vya mkonge kutoka asubuhi mpaka jioni, miguu amenyoosha mbele, yote mbili. Hajawahi kuangukwa na mguu." Nilijaribu kushona hivyo nyumbani. Mguu ulipenda, mgongo ukagoma. Kila watu na kikao chao.

Niliogopa namna ya kumwambia mama mkwe habari ya leso. Salim akamwambia, na si kwa upole niliotaka. Mama mkwe akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nikasema haya, nyumba imeharibika. Baadaye nikasikia kitu kinakokotwa. Ametoka na kile kiti chake cha mbao cha mikono, alichokuja nacho alipoolewa, ambacho hata Salim haruhusiwi kuweka kanzu juu yake. Akakiweka karibu na dirisha penye mwanga, akaweka mto, akasema, "Shona hapa." Tangu siku ile sijamjibu vibaya, hata anapostahili.

Sasa sikiliza sehemu iliyonichanganya. Baada ya muda, mguu uliokuwa umekufa ukaanza fujo. Kwanza sisimizi, wanapanda na kushuka. Kisha ukawaka. Nikiupitishia maji baridi nasikia ni ya moto. Shuka ikigusa juu ya wayo ni kama upupu. Nautazama, hauna kidonda, haukuvimba, haukuiva, na huku unapiga kelele kwamba unaungua. Nikajua sasa ugonjwa umeingia ndani. Mama mkwe akawa anazunguka nyumba ameshika leso yake, anaitazama, anaiweka. Nilimwambia Salim sirudi tena kwa yule binti, mguu uliokuwa umetulia ameuchokoza yeye.

Salim akanipeleka kwa nguvu. Na Wakesho aliponisikia nikieleza, aliwaka uso kwa furaha, nikakasirika.

"Neva ikiamka haiamki kwa adabu," akasema. "Inatuma habari hata kama hakuna habari. Inasema moto, na hakuna moto. Si kila mtu akichomwa hivi ni kupona, usiende ukadanganya watu. Kuna wenye sukari wanachomwa miaka, na hao ni neva inaharibika. Lakini wewe, hebu inua kidole gumba."

"Hakiinuki."

"Tuma amri."

Nikatuma. Kidole kikasogea, mama. Kidogo tu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa kwa sababu hataki kusema. Salim akapiga takbir humo chumbani kwa sauti ya kuadhinia, wagonjwa nje kwenye benchi wakasimama wakidhani kuna maiti. Wakesho akatuombea radhi kwao huku anacheka. Akaniombea kwa daktari tembe za kuzituliza neva zisipige kelele sana. Zilinipa usingizi kama mtoto mchanga, na wali ukaungua zaidi ya mara moja. Lakini ule moto sikuuchukia tena. Ukiniwakia nasema, haya, kelele zako nazisikia, fanya kazi.

Leo kile kifaa nimekiweka kabatini. Natembea. Jioni mguu huchoka mapema kuliko mwenziwe, na kidole gumba bado kina uvivu wa asubuhi, ila unapanda na kushuka ninapoutaka. Nimenenepa kidogo na buibui limejaa. Kofia ya Omari nimeimaliza kwenye kiti cha mama mkwe, na mtu asiniambie viua vya kitini si kama vya mkekani. Nitakuja nayo mwenyewe. Nina furaha mama, na nilitaka uijue kabla sijakuambia hili lililobaki.

Siku za mwanzo, kabla ya kifaa, nilikuwa nikitembea sebuleni nasikia sauti ya mguu wangu kwenye simiti. Mmoja unakanyaga, mwingine unaanguka. Pa, kisha pwaa. Nikawa nasema sauti hii naijua. Ilinichukua muda. Mama, ni sauti yako. Ndivyo tulivyokuwa tukijua unatoka jikoni, sisi watoto, kabla hatujakuona. Tulidhani ndivyo mama anavyotembea. Wewe ukisema ni uzee, na ulikuwa unasema hivyo nywele zako zingali nyeusi. Ulipoanguka kizingitini tukasema ni macho, tukakununulia miwani.

Tangu nipate akili nakuona umekaa kitako unasuka ukili, mguu wa kulia chini, wa kushoto juu. Mikeka ya nyumba nzima na ya majirani imetoka hapo. Na kila ukiinuka wajipiga makofi mguuni, ukisubiri ganzi ipite.

Nilimweleza Wakesho. Hakunificha. Akaniambia huo wa kulia wa miaka mingi pengine hautarudi, nisikupe tamaa ya bure. Lakini akasema kifaa kama changu kinaweza kukuzuia usianguke tena, na tukiubadilisha mkao, mguu wa kushoto na nguvu iliyobaki kwenye wa kulia tutaviokoa. Nilitoka mle ndani nikakaa kwenye benchi nikakulilia wewe, baada ya kumaliza kujililia mimi. Ulitusomesha kwa mikeka ile.

Sikwambii uache kusuka, nakujua, ningekuwa nakwambia uache kupumua. Nataka kitu kimoja tu, ukae kwenye kiti. Najua utasema kiti ni cha wageni na ukili hausukwi juu ya kiti. Utasukwa. Kofia imeshonwa. Na baada ya arusi nitakuja nawe Voi, Wakesho akutazame. Kaka Shee, ile nauli uliyotaka kumpa mtu aje anichukue mimi, iweke, itamleta mama.

Nisalimie kaka Shee, na umwambie amri zake nazipenda ila sizifuati. Msalimie bwana arusi Omari, asikonde kwa mawazo, ameona kukonda kumenifanya nini. Msalimie Bi Fatuma jirani yetu, na kuku wake wanaokula mtama wako. Mama mkwe anakusalimu sana, Salim anaomba dua zako, watoto wanakubusu mikono.

Ni mimi mwanao wa mwisho, nikupendaye,

Rukia

Zuhura wifi yangu, barua usiikunje kwanza. Mtazame mama alivyokaa hapo mbele yako. Kama mguu wa kulia uko chini ya wa kushoto, mshike mkono umwinue taratibu, umpe kile kiti. Akija mgeni, atakaa mkekani.